Bethdei ya mwanangu kwa laki na nusu: dada wa keki aliyepanda mlima wa Mabatini

Jamani naomba niwasimulie huyu dada maana tangu Jumamosi watu wananiuliza nilifanyaje. Binti yangu katimiza miaka sita na mfukoni nilikuwa na laki moja na nusu, hiyo ndo ilikuwa hela yote, hamna ya akiba pembeni. Tunakaa Mabatini hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe, gari haifiki, bodaboda yenyewe inakuachia chini halafu unapandisha ngazi kwa miguu, kwa hiyo ukisema unafanyia sherehe nyumbani watu wanakuangalia tu.

Nilianza kuulizia ukumbi. Sehemu moja mjini wakanitajia laki tatu na nusu, hapo chakula bado, na ukiongeza mtoto hata mmoja juu ya ishirini unalipia, nikashukuru nikaondoka. Wifi yangu akasema twende bichi, kule nilikataa kabisa na bado nakataa. Watoto kumi na wanne ukiwafikisha ufukweni huwezi kuwazuia kuingia majini, na ziwa letu pembeni pale penye magugu na maji yaliyotulia ndo konokono wa kichocho wanapokaa, sitaki mzazi mwenzangu aje aniambie mwanae kapata kichocho kisa bethdei ya kwangu. Kisiwa cha Saanane, kile cha hifadhi ya wanyama, nilishawahi kumpeleka binti na alifurahi mno kuona pundamilia na swala, ila kule unahesabu vichwa, kwa watoto wote hao na wakubwa wa kuwasimamia bajeti yangu ingeishia kwenye boti.

Basi shoga yangu wa Nyakato ndo akaniunganisha na huyu dada. Anaoka keki nyumbani kwake, na pakeji yake ya watoto ni elfu tisini na tano: keki ya kilo moja na nusu, viti vidogo kumi na tano vya plastiki, meza moja, pambo la ukutani, maputo, spika, na kijana wa kuchezesha watoto masaa mawili. Nilipoona bei nikajua keki itakuwa kavu kama mkate wa juzi, sijui kwa nini tunawaza hivyo kila kitu kikiwa na bei yetu.

Kitu cha kwanza kilichonifanya nimwamini, alinipigia mwenyewe siku mbili kabla akaniuliza kuna mtoto yeyote anadhurika na karanga, mayai au maziwa? Mie nilikuwa sijawaza hata kidogo. Nikazunguka kwa wazazi kuulizia, kumbe mtoto wa jirani yangu wa mlango wa tatu akila karanga midomo inavimba, na mie nilishapanga kununua kashata za kuwafungia watoto waondoke nazo! Nikabadilisha nikaweka bisi na ubuyu kwenye vifuko vya kaki (mifuko ya plastiki tuliachana nayo tangu 2019, na kaki watoto wanaweza kuchorea). Kwa hilo tu ningempa hela yake.

Siku yenyewe alichelewa dakika hamsini. Hili nalisema wazi maana liliniumiza, watoto wameshafika, wameshaoga wamependeza, jua la saa nane mawe yanawaka, na mie nimesimama ngazini naangalia bonde lote mpaka barabarani. Alisema bodaboda wa kwanza aligoma kubeba keki na viti pamoja. Naelewa, lakini mlima huu nilimwelezea tangu mwanzo, angeweza kutuma viti asubuhi. Alipofika nilisahau hasira kidogo kwa namna walivyopandisha ile keki, yeye yuko mbele na boksi mikononi anapanda ngazi moja moja, kijana nyuma kabeba viti kichwani, na watoto wote wameshuka kuwapokea wanaimba. Bibi mmoja jirani yetu Msukuma akatoka nje akawapigia vigelegele, akamwambia dada wa watu wabeja, wabeja sana (ndo asante kwa Kisukuma), kama vile keki ni yake.

Sasa huyo kijana ndo sababu naandika yote haya. Mimi nilidhani pambo ndo sherehe, nilishahangaika na rangi za maputo wiki nzima. Kijana kafika kaangalia uwanja wetu, kaona lile jiwe kubwa lililopo pembeni, akanambia mama maputo tusiyafunge pale, jiwe limeshika moto yatapasuka yote, akayapeleka chini ya mwembe. Halafu akachora mstari kwa chokaa akawaambia watoto kupita hapa kwenda kwenye mawe mtu anakuwa ametoka mchezoni, na kweli hakupita hata mmoja. Mie kila siku nakesha kuwapigia kelele wasipande yale mawe, kumbe ilitakiwa mstari tu.

Akawachezesha kukimbia na ndimu kwenye kijiko, viti vya muziki, rede, kuruka kamba. Kuna katoto kamoja kageni mtaani kanaona aibu, kamekaa kwa mama yake hakatoki, yule kijana hakukalazimisha, akakapa kazi ya kuzima na kuwasha mziki kwenye viti vya muziki. Dakika kumi mbele kako katikati kanapiga makelele kuliko wote. Nilimwangalia mama yake anafuta macho na mie nikajikuta nafuta ya kwangu. Hakuna jumba la upepo la kurukia wala mtu aliyevaa sanamu, na hamna mtoto aliyeuliza.

Keki ilikuwa laini, ya vanila, imeiva mpaka katikati, na hakuweka krimu ile ya kuyeyuka, aliniambia kwa joto la mawe ya Mabatini krimu haifiki juu, akapaka ya siagi na sukari ikasimama vizuri tu mpaka saa kumi na moja. Lawama zangu ni mbili. Jina la mtoto kalikosea, lina h mwishoni hakuiweka, binti yangu kajua kusoma mwaka huu huu na kaliona la kwanza kabla hata hajaangalia mishumaa, akanyamaza kidogo ndo akacheka. Na ile bluu ilikuwa kali mno, midomo ya watoto ilibaki bluu mpaka jioni na gauni jeupe la mtoto wa shemeji sijui kama litatakata. Ukimwagiza mwambie rangi iwe ya kupauka.

Chakula nilipika mwenyewe na hapo ndo nilipookoa hela. Minofu ya sangara kilo moja na nusu nilichukulia sokoni Kirumba asubuhi, elfu ishirini na moja, nikaikata vipande vidogo vya kidole, chumvi, ndimu, kitunguu swaumu, nikaviringisha kwenye unga nikakaanga. Sangara ndo samaki wa sherehe ya watoto, msinunue sato mzima hata kama ni mtamu zaidi, utakaa kuchambua miba ya watoto kumi na nne badala ya kupiga picha. Viazi elfu nane, mafuta elfu sita, juisi ya ukwaju na pasheni pamoja na sukari elfu saba, bisi na ubuyu elfu tatu, vifuko na mishumaa vya Makoroboi elfu tano, bodaboda wa kwangu wa kwenda sokoni elfu tatu. Jumla pamoja na pakeji ya dada, laki na arobaini na nane. Elfu mbili iliyobaki nilimpa kijana ya soda, akaikataa mara mbili.

Kumwagia maji mwenye bethdei tulimwagia, ila huku juu maji tunapandisha kwa ndoo, kwa hiyo tuliweka sheria ya jagi moja tu na babu yake ndo akapewa. Upepo wa ziwani ulipoanza saa kumi na nusu pambo la ukutani likadondoka, kijana akalikunja akaliweka kando, michezo ikaendelea.

Kama unakaa mlimani kama mie, mpe huyu dada oda wiki nzima kabla na mkubaliane viti vifike asubuhi. Mdogo wake binti yangu anatimiza mitatu mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwepo tutakaa sebuleni na watoto sita tu, nimeshamlipa advansi ya elfu ishirini, na jina nimemwandikia mwenyewe kwenye karatasi kwa herufi kubwa.