Walipasua jagi langu la porselini halafu wakaniambia nikanunue plastiki

Hii hasira nimekaa nayo muda, nikasema niache ipoe kwanza ndo niandike, haipoi, kwahiyo naandika hivyohivyo.

Wengi wetu tunaofinyanga porselini, ule udongo mweupe wa vyombo vyembamba, hatuna tanuri letu wenyewe. Moto wake unakaribia nyuzi 1,300, kwahiyo unafinyanga kwako, unakausha, halafu unapeleka kwa wenye tanuri la gesi wakuchomee kwa malipo. Ndo huduma ninayoisema hapa. Ukubwa wa tanuri lao na rafu zinakaa ngapi mtauliza wenyewe, mi nataka kusema walichonifanyia.

Nilipeleka jagi moja refu la shingo nyembamba na vibakuli kadhaa. Lile jagi kuta zake nilizipunguza mpaka nikajua likishaiva ukimulika tochi ndani mwanga utapenya. Na porselini jamani haina huruma, ule mchanganyiko wa kaolini, feldispa na kwatzi, yaani udongo mweupe na madini ya mawe yaliyosagwa, hauna unato wa udongo wa kawaida, ukiuvuta kwa pupa kwenye gurudumu unalala, ukikauka upande mmoja kabla ya mwingine unapinda, na ukiingia motoni unasinyaa zaidi ya asilimia 10. Kwahiyo chombo kikifika tanurini kizima ujue kuna mtu kakesha nacho. Mchomo wa kwanza ukapita salama, hapohapo kwao. Nikapaka glezi ya seladoni, ule mpako unaoyeyuka motoni ukawa kioo cha kijani, nikarudisha kwa mchomo wa pili.

Siku ya kuchukua nafika nakuta mlango wa tanuri uko wazi, joto linalotoka huwezi kusogeza uso, na kijana kavaa zile glavu nene anatoa vyombo anavipanga juu ya meza ya chuma. Meza ya chuma yenye baridi! Vinalia ting, ting, ting, na kila ting ni glezi ya mtu inakatika. Nikamuuliza yule kijana, mdogo wangu, mbona mnafungua kwa joto hili, akasema kuna mzigo mwingine unasubiri kuingia. Jagi langu likatoka na ufa unaoanzia mdomoni, umezunguka shingo, umeshuka mpaka begani.

Nikaomba msimamizi. Akaja, hata kulishika hakulishika, akaliangalia kwa mbali hukohuko akasema, "Dada, udongo wako ulikuwa na hewa."

Sasa hapa mnisikilize vizuri. Ufa wa porselini unasema wenyewe ulitokea lini. Kama chombo kilipasuka wakati joto linapanda, glezi ikija kuyeyuka inatiririka kwenye ufa, kingo zinakuwa za mviringo, ukipitisha kidole panateleza. Kama kilipasuka wakati wa kupoa, glezi ilishaganda ikawa kioo, inakatika pamoja na mwili wa chombo na kingo zinabaki kali kama wembe. Nilipitisha kidole kwenye ufa wangu nikachanika. Na hiyo hewa anayoisema, ikiwa na unyevu ndani inalipua chombo mapema, kwenye mchomo wa kwanza, haingojei mchomo wa pili uishe ndo ipasue. Kinachopasua wakati wa kupoa ni haraka! Kwatzi iliyobaki ndani ya mwili inajikunja ghafla ikipita kwenye nyuzi 573, shingo nyembamba ikipoa kabla ya tumbo basi zinavutana, lazima kitu kiachie. Na hata chini ya hapo chombo chembamba ukikitoa kwenye moto ukakiweka juu ya chuma baridi unategemea nini? Tanuri unaliacha lishuke mpaka karibu nyuzi 100 ndo unafungua, hilo anayeanza leo anafundishwa.

Nikamweleza yote hayo, kidole kinatoka damu namwonyesha. Akajibu, mbele ya watu, "Sisi kazi yetu kuchoma, ukitaka kitu kisichovunjika kanunue plastiki."

Mpaka leo nikikumbuka koo linakaba. Mtu anayeishi kwa vyombo vya watu anaongea hivyo. Kuchoma ni nusu ya sanaa hii! Angalia kazi za Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Kenya, vile vyombo vyake vinavyong'aa bila glezi yoyote, vinachomwa kwa hewa ya kutosha vinatoka na rangi ya chungwa, vikirudishwa kwenye moto ulionyimwa hewa vinageuka vyeusi, udongo uleule. Au zile mbegu za alizeti za porselini za msanii wa Kichina Ai Weiwei, milioni 100, zilizomwagwa sakafuni kwenye jumba la sanaa la Tate Modern kule London mwaka 2010, zilipita mikononi mwa mafundi wapatao 1,600 wa Jingdezhen, China, na hakuna mbegu iliyokwepa tanuri. Halafu wewe unasema kazi yako kuchoma kana kwamba ni kuchoma takataka.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika msiende kabisa, nukta. Lakini vile vibakuli, vilivyokaa rafu ya chini nyuma kabisa na havikuguswa mpaka baadaye, vilitoka vizima, na rangi yake sijawahi kuipata kwa mtu mwingine yeyote. Kijani kinachokaribia bluu, glezi imejikusanya kwenye mistari niliyochonga ikawa nzito, pembeni imekuwa nyepesi, na sehemu nyembamba mwanga unapita kweli. Seladoni ya hivyo haiji kwa bahati, lazima mtu aubane moto kwa wakati wake, ukose oksijeni mpaka uanze kuinyang'anya kwenye chembe za chuma zilizomo kwenye glezi. Akichelewa inatoka na unjano wa kuchosha macho. Kuna mzee pale anakesha na tanuri usiku, anachungulia koni, vile vipande vya udongo vinavyoinama joto likifika, kupitia tundu la mlangoni, hana maneno mengi, ile kazi ni yake. Yule mzee ni fundi haswa na inaniuma kwamba anaacha tanuri alfajiri likiwa sawa halafu wanakuja watu wa mchana kuliharibu.

Kwahiyo nawapa nyota ngapi, sijui. Kwa moto wenyewe ningewapa zote tano. Kwa yule msimamizi sifuri, na pesa yangu hajarudisha wala pole hajasema. Nimeweka moja. Nilifikiria mbili kwa ajili ya mzee lakini hapana, jagi liko hapa mezani naliona.

Mkienda, ulizeni nani atafungua tanuri na kwenye nyuzi ngapi. Wakisema ni mzee mwenyewe, waachieni vyombo. Wakianza kuzungukazunguka, bebeni mrudi navyo nyumbani.