Siku tano Unguja na laki tisa mfukoni: nyota nne kwa Jambiani, mbili kwa chumba

Nianze na hesabu, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, binti wa miaka tisa na kijana wa miaka mitatu. Tulitoka Dodoma na laki tisa, tukarudi tunadaiwa elfu arobaini na saba na shemeji yangu wa Temeke. Tulilala siku nne Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, na moja mjini. Hakuna mkopo wa benki uliohusika na hakuna aliyelala njaa.

Tulikwenda Juni, shule zikiwa zimefungwa. Masika imekwisha na msimu mkubwa wa wageni ndiyo kwanza unaanza, kwa hiyo wenye nyumba bado wana vyumba vitupu na lugha laini. Desemba nilishaijaribu miaka ya nyuma. Nilipiga simu sehemu saba, nikaishia kwenda kwa mama mkwe.

Dodoma mpaka Dar tulipanda treni ya SGR. Daraja la kawaida ni 31,000 kwa mtu mzima, mtoto wa miaka minne mpaka kumi na mbili analipa nusu, mdogo zaidi ya hapo bure. Kwenda tu ilikuwa 77,500. Uzuri wake ni kwamba ukishuka Dar, boti za Zanzibar haziko mbali na stesheni. Tulitembea kwa miguu tukikokota begi, bajaji zikitupigia honi kama tumewakosea. Tiketi ya boti nunua dirishani, kitambulisho cha NIDA mkononi, kwa sababu mwananchi analipa chini ya nusu ya nauli ya mgeni kutoka nje. Wale vijana wa nje ya geti wanaokuita "bosi, leo nafasi zimeisha, njoo nikusaidie" waitikie salamu, upite.

Treni na boti, kwenda na kurudi, vilikula laki tatu na kumi na tano. Theluthi ya hela imeondoka na mchanga bado hujaukanyaga. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa mtu wa bara, punguzo la kweli linatafutwa kwenye chumba na kwenye chakula, maana nauli haibembelezwi.

Chumba nilikiona kwanza kwenye programu ya simu, bei kwa dola: thelathini na tano kwa usiku. Nikachukua jina la nyumba, nikatafuta namba, nikapiga.

"Kaka, mnatokea wapi?"

"Dodoma, kaka. Tuko na watoto. Niambie bei ya mwananchi, hiyo ya dola nimeshaiona."

Akacheka. Kimya kidogo. "Elfu hamsini, na chai asubuhi."

Dakika tatu za simu, na kwa usiku nne zikaokoa zaidi ya laki na nusu. Kama kuna kitu kimoja cha kuiga kwenye maelezo haya, iga hiyo simu. Mengine nitakayosema kuhusu chumba chenyewe hayafurahishi.

Pale bandarini Unguja papasi, wale madalali wa wageni, walitupokea kwa shangwe. Teksi mpaka Jambiani tuliambiwa laki moja. Tukaenda zetu stendi ya Kijangwani, tukapanda daladala namba 309, elfu tatu kwa kichwa, kijana akakaa mapajani bure. Ni karibu saa mbili, magunia ya mchele chini ya miguu na kuku mmoja ambaye binti yangu alimpa jina. Barabara inapita Jozani kabisa, kwa hiyo siku ya kurudi mjini tulishuka hapo kuwaona kima punju, ambao bara huwakuti. Wanakuja mpaka njiani, hawana habari na mtu. Bei ya mwananchi hapo pia ni ya kibinadamu, toa kitambulisho.

Sasa bahari. Mimi nimekulia Kondoa. Kwangu maji ya bahari ni kama ya bwawa, yapo tu. Asubuhi ya kwanza, saa nne, tumeshakunywa chai, watoto wana maboya, mke kajifunga khanga, tunateremka ufukweni. Bahari haipo. Kuna mchanga mweupe, majani ya baharini, madimbwi, mitumbwi imelala ubavu, na kule mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba. Kijana wangu alikaa chini akalia. Mke wangu akanitazama tu, akasema, "Baba watoto, ndiyo hii tuliyolipia?"

Bibi mmoja aliyekuwa akipita na gunia kichwani akatuonea huruma. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Maji yashatoka, mwanangu. Leo bamvua. Rudini alasiri."

Alasiri saa kumi maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi za nyumba, ya buluu vilevile kama kwenye picha.

Niliyojifunza siku hiyo sikuyakuta kwenye tangazo lolote la chumba. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndiyo umeandama, na siku mbili tatu baada ya hapo, maji hujaa sana na kutoka sana. Hilo ndilo bamvua. Unguja siku hizo yanajaa alfajiri na alasiri, na kufika saa nne asubuhi yamekupwa. Kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika hamsini, na baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu: hayaendi mbali, na asubuhi unayakuta yamejaa. Pwani ya mashariki yote, Jambiani, Paje, Bwejuu, iko hivyo, kwa sababu ufukwe wake ni tambarare mpaka kwenye mwamba. Nungwi kule kaskazini kina kinaanza karibu, unaogelea karibu saa zote, na bei ya vyumba inakukumbusha hilo. Sisi tulikuwa tumepanga kuogelea asubuhi na kutembea jioni. Tukageuza ratiba nzima kwa gharama ya shilingi sifuri. Mtu mwenye siku mbili tu za kukaa, asiyejua haya, angerudi kwao akisema Jambiani hakuna bahari.

Na kumbe asubuhi zile za maji kutoka ndizo tulizozipenda zaidi. Kesho yake yule bibi alituruhusu tumfuate shambani kwake, shamba la mwani, robo saa ya kutembea juu ya kitanda cha bahari. Kilimo hiki kilianzia vijiji hivi vya Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wanaokilima ni wanawake. Vijiti vimechomekwa mchangani kwa mistari, kamba imepigwa kutoka kijiti hadi kijiti, na kila baada ya kiganja kuna kitawi cha mwani kimefungwa. Alimwonyesha binti yangu fundo lake. Akafunga vitawi kumi na viwili, vitatu vikafunguka. Maji yalifika magotini, yana joto kama ya kuogea mtoto. Vaeni yeboyebo jamani, kwenye mawe kuna vidude vya miiba myeusi na havina mzaha. Wakati wa kuondoka nilimpa bibi kitu kidogo cha sukari. Alikataa mara ya kwanza, mara ya pili akapokea.

Haya, chumba. Maji ya bomba yalikuwa na chumvi, sabuni haitoi povu. Hilo nalisamehe, ni pwani. Chandarua kilikuwa na tundu la kupita ndege. Chai ya asubuhi siku ya kwanza ilikuwa na chapati, yai na papai, siku ya tatu ikawa mkate na chai ya rangi, na kaka wa kwenye simu hakuonekana tena. Usiku wa pili, kama saa tano, umeme wa tukuza, ndiyo luku ya Zanzibar, ukaisha. Mlinzi akasema mwenye nyumba amelala mjini, tungoje asubuhi. Feni imezima, mtoto anajikuna, mke wangu anampepea kwa mfuniko wa ndoo mpaka alfajiri. Niliomba nipunguziwe hata elfu kumi, nikajibiwa kuwa bei yenyewe nimeshapunguziwa. Nyumba siitaji jina, lakini nyota zake ni mbili, na moja ni ya mahali ilipojengwa.

Chakula kilituokoa. Migahawa ya ufukweni sahani moja inaanzia elfu ishirini. Ukiingia kijijini, nyuma ya barabara, wali wa nazi na samaki tulikula kwa elfu tano, na sahani moja iliwatosha watoto wawili. Siku mbili tulinunua changu kwa wavuvi walipokuwa wanashusha, mama jirani akatupikia kwa elfu kumi, na mkate wa kumimina juu yake. Mke wangu bado anajaribu ule mkate hapa Dodoma. Bado.

Nilikopigwa ni Forodhani, ile bustani ya vyakula vya usiku mjini, usiku wa mwisho, na kosa ni langu. Nikaonyesha kwa kidole mishikaki ya pweza, kamba, na kitu fulani cha ngisi, bila kuuliza bei hata mara moja, kwa furaha tu. Bili ikaja elfu sitini na tano. Nikanuna, nikajitetea kwa Kiswahili changu chote cha bara, ikashuka hamsini na mbili. Hatua chache tu kutoka hapo tulikunywa urojo, ule mchuzi mzito wa Kizanzibari, kwa elfu mbili mia tano bakuli, mtamu kuliko pweza yule. Uliza bei kwanza, kijiti kwa kijiti. Deni la shemeji lilianzia hapo.

Boti ya kurudi nayo niitaje. Juni kusi inavuma, na kwenda Dar unalikabili kwa mbele. Tulipotoka kwenye kivuli cha kisiwa, boti ikaanza kunyanyuka na kushuka, mhudumu akapita anagawa mifuko. Kijana alitapika, binti akatapika kwa kumwona mwenzake. Mimi nilishikilia mpaka Dar nikiangalia upeo wa bahari. Msile chapati za maharage kabla ya safari hiyo, kaeni nyuma na chini, katikati.

Ningerudi? Jambiani, ndiyo, hata mwakani, na safari hii nitaangalia mwezi kabla sijaomba likizo. Nyumba ile, hapana. Yule mama wa mkate wa kumimina ana chumba cha nyuma anachopangisha, elfu thelathini na tano, na tangi la maji liko uani kwake. Namba yake ninayo.