Vidonge vya madini ya chuma kwa miguu isiyotulia: uzoefu wangu hapa Bukavu

Vidonge ninavyovizungumzia ni vile vyekundu vya madini ya chuma, vinavyopatikana katika famasi nyingi za Bukavu na ambavyo kina mama wajawazito wanavijua vizuri. Mimi niliandikiwa kwa ajili ya ugonjwa wa miguu isiyotulia. Kila jioni, nikikaa tu, kitu kama wadudu hutambaa ndani ya miguu, nacho hakinyamazi mpaka nisimame na kutembea. Nikishalala, miguu hujirusha yenyewe. Baba watoto ndiye aliyeona hayo, maana mateke yalimfikia yeye: kidole gumba kinainuka, kifundo kinakunjika, goti linavutwa, kisha kimya, na kabla dakika haijaisha mguu unarudia tena.

Muuzaji wa famasi alidhani ni mkakamao wa misuli, akanipa magnesi, ambayo haikubadilisha kitu; mkakamao hukaza msuli na kuuma, ilhali miguu yangu hujirusha bila maumivu. Kipimo cha kawaida cha damu kilionyesha hemoglobini nzuri, yaani ile inayobeba oksijeni katika damu. Daktari mwingine ndiye aliyeagiza feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, akanieleza kwamba akiba hiyo inaweza kukauka wakati hemoglobini bado iko sawa, na kwamba ubongo unahitaji chuma ili dopamini, ambayo husaidia kuongoza miendo ya mwili, ifanye kazi yake. Feritini yangu ilikuwa mikrogramu 19 kwa lita, na kwa ugonjwa huu matibabu ya chuma hufikiriwa feritini ikiwa 75 au chini yake. Kipimo kilinigharimu kuliko vidonge vyenyewe, lakini bila hicho nisingevimeza, kwa sababu chuma kikizidi mwilini huharibu ini.

Vidonge ni rahisi kwa bei ila vina usumbufu wake. Vilinifungia choo na kukifanya cheusi, jambo ambalo daktari alikuwa amenionya nisilishtukie. Navimeza siku moja na kuruka inayofuata, tumbo likiwa tupu, pamoja na maji ya machungwa, na chai naisubirisha, kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa. Kwetu sisi tunaoamka na chai nzito, sharti hilo ndilo gumu kuliko yote. Tena msinunue vile vinavyohesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa katika kimfuko: vyangu vya kwanza vililoa kwa unyevu wa masika, vikaniachia rangi vidoleni, na tarehe ya kuisha muda haikuandikwa popote. Ombeni vilivyofungwa katika karatasi yake.

Majuma ya mwanzo sikuona tofauti yoyote. Baada ya miezi kadhaa kutambaa kwa jioni kulipungua sana. Kujirusha kwa usiku kumepungua pia, ingawa hakujaisha. Usiku mmoja nilipokunywa prometazini kwa sababu ya mafua, mateke yalirudi kwa nguvu zote, na daktari akathibitisha kwamba dawa za namna hiyo, pamoja na metoklopramidi ya kuzuia kutapika, huuchochea ugonjwa huu. Tangu hapo nautaja ugonjwa wangu kabla muuzaji hajafungua kabati. Vidonge naendelea navyo mpaka feritini ipimwe tena, na kwa bei yake sina lalamiko.