Msaidizi wa Kompyuta Kuu: Kwanta au Mfano wa Ubongo?
Mashine ya kwanta ya kampuni ya D-Wave, inayohesabu kwa tabia za kifizikia za vitu vidogo mno, ilizinduliwa Jülich, Ujerumani, mwaka 2022, ikiwa na kyubiti (vipashio vya msingi vya hesabu ya kwanta) zaidi ya 5,000, lakini chipu yake hukaa ndani ya jokofu lenye baridi kali kuliko anga za mbali, na vichakataji vya kawaida ndivyo vinavyoiandalia hesabu na kuyapokea majibu. Hala Point ya Intel, kompyuta iliyoundwa kwa mfano wa ubongo na kupelekwa maabara ya Sandia nchini Marekani, huiga niuroni (seli za neva) bilioni 1.15 kwa wati zisizozidi 2,600, yaani takriban kama birika moja la umeme, kwa sababu sehemu isiyopokea ishara hutulia. Kuchambua ishara za vihisi papo hapo ningeipa hii ya pili. Ile ya kwanza ningeipa fumbo la kupanga ratiba, tena kwa subira.