Usukani ulikuwa mzima, mmeupinda nyinyi

Nyota moja naipa gereji hii ya pikipiki, na hiyo moja ni ya yule kijana wa kushika spana. Gereji siitaji jina. Iko hapa Malindi, upande wa Maweni, na wenyewe wakisoma watajijua.

Pikipiki yangu haikuanguka, ilitaka tu kuanguka. Gurudumu la mbele lilibanwa kati ya mawe mawili, nyuma kuna mitungi ya maji, usukani ukavutwa kwa nguvu ili mzigo usilale. Gurudumu likabaki palepale, usukani ukazunguka. Tangu hapo ukiendesha sawa barabarani, mkono wa kulia umerudi nyuma kama vidole viwili na wa kushoto umesogea mbele.

Fundi yeyote wa pikipiki anatakiwa kujua kwamba hapo usukani hauna kosa. Bomba la chuma halipindi kwa kuvutwa na mikono ya mtu. Kilichoteleza ni miguu miwili ya shokapu za mbele ndani ya T, yaani vile vibano viwili, kimoja juu chini ya usukani na kimoja chini ya taa. T ya juu imezunguka kidogo, ya chini imebaki, na bolti zimeendelea kubana vilevile, kwa hiyo mkao mbaya ndio umekuwa mkao.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, kilaze mbele ya miguu yote miwili ya shokapu, pale penye chuma kinachong'aa. Kioo kikitulia, shokapu ziko sambamba, basi tafuta kosa kwenye usukani. Kikichezacheza kwenye pembe moja, shokapu zimejisokota. Dakika moja, haizidi.

Fundi mkubwa hakupima. Alitazama kwa mbali, akaleta bomba la maji, akalichomeka kwenye mkono wa kulia na kuusukuma mbele mpaka ukalingana na wa kushoto kwa macho. Shilingi mia tano. Nikamwambia, ami, legeza kwanza bolti za T tuone. Jibu lake: "Kama wajua, mbona umeniletea mimi?"

Niliposikia hivyo nilinyamaza, na mpaka leo najilaumu kwa kunyamaza.

Sasa sikilizeni kazi inavyofanywa, maana ni ya spana tatu. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, tairi la mbele liguse chini kidogo tu. Ikisimama kwa stendi ya ubavuni, uzito wa mbele unalalia shokapu, na ukilegeza bolti T inateremka kwenye shokapu. Legeza nati ya ekseli. Legeza bolti za madigadi, kwa sababu ule upinde wake unashika shokapu zote mbili na wengi huusahau, wakasukuma mpaka jasho. Legeza bolti za T ya chini, kisha za T ya juu na nati kubwa ya katikati. Mzunguko nusu unatosha, usitoe kitu. Kwa chumvi ya huku kwetu bolti za chini huwa zimeshika kutu, zitie mafuta usiku wa kuamkia kazi, na usizikaribie na spana ya malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, itazila vichwa.

Bana tairi kwa magoti, zungusha usukani upande wa pili mpaka ulingane na gurudumu. Weka kioo tena. Kikitulia, kaza T ya chini, nati kubwa, kisha T ya juu. Ekseli bado imelegea, shusha pikipiki kutoka kwenye stendi, shika breki ya mbele, isukume chini mara tano sita ili shokapu zijipange zenyewe kwenye ekseli. Halafu kaza ekseli, madigadi mwisho. Kama breki ni ya drami, endelea kubana breki wakati unakaza ekseli, ili kile kisahani cha breki ndani ya gurudumu kikae katikati. Malizia kwa kuzungusha usukani kulia na kushoto mpaka mwisho: waya za klachi na breki zisivutwe, na usukani usiwe mzito. Ukiwa mzito, nati kubwa imebana beringi kupita kiasi.

Nilitaka kuandika kwamba wasamehewe. Kwa kweli pancha wanaziba vizuri, mnyororo wanaufunga bila kuubana sana, na bei zao si mbaya. Nyota mbili, nilisema, labda tatu.

Lakini nimeifanya kazi hiyo mwenyewe nyumbani, kioo kimetulia kabisa, shokapu ziko sambamba. Na usukani je? Mkono wa kulia sasa uko mbele vidole viwili! Bila shaka. Fundi alipinda chuma kizima kufunika kosa la mahali pengine, na kosa lilipoondoka, lake likabaki peke yake. Na hapo katikati pikipiki ilikuwa inaonekana imenyooka huku shokapu zikijisugua upande kwa ndani. Kuziacha hivyo ni kula oili sili, zile mpira za kuzuia oili ya shokapu isivuje, na kwenye matuta mbele panakuwa pagumu kama mbao.

Na huo usukani haurudishwi tena. Chuma kilichopindwa karibu na kibano kisha kikapindwa kurudi, kinachoka pale pale, na siku ya kukatika hutaambiwa. Mtu atakayeuvuka mto Sabaki nao, upepo wa bahari ukimpiga ubavuni, asitegemee kupona. Kwa hiyo sasa nanunua usukani mpya kwa sababu ya mtu aliyelipwa mia tano kuharibu ule mzima. Nyota tatu gani? Hata mbili nimezifuta.

Ile moja naiacha. Fundi mkubwa alipokuwa akisukuma bomba, kijana wake alichutama mbele ya tairi, akafumba jicho moja, akasema polepole, "Mbona tairi latazama kwengine?" Akaambiwa alete soda. Siku fundi mkubwa akiwa hayupo na kijana yuko peke yake, pelekeni pikipiki hapo.

Na mia tano yangu nairudia Jumamosi, na usukani nakuja nao mkononi.