Injini ya lori imechoka: utengeneze, uisuke upya au ununue nyingine?

Lori likianza kunywa oili na kupanda mlima kwa kulalamika, wengi wetu hukimbilia kuuliza bei ya injini nyingine. Mimi pia nilifanya hivyo mara ya kwanza. Siku hizi sitoi hela kabla ya vipimo, kwa sababu moshi peke yake haukuambii ununue nini. Mweusi mara nyingi ni hewa kidogo au dizeli nyingi, yaani filta, tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) au nozeli (zinazonyunyiza dizeli). Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua, au maji yanayoingia kwenye silinda.

Anza na kipimo cha bure. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua taratibu mfuniko wa kujazia oili, ugeuze chini juu, uuache umekaa juu ya tundu bila kuukaza. Ukitulia au ukitetemeka kidogo tu, ringi, zile pete zinazozunguka pistoni, bado zinashika. Ukirukaruka hadi ukadondoka huku moshi unasukumwa nje, kuna gesi inapita pembeni ya pistoni na kushuka chini. Usihukumu hapo hapo, maana tabo iliyokufa au kompresa ya breki nayo huweza kusukuma hewa humo. Mwambie fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya kugandamiza hewa, silinda moja moja. Zote zikiwa zimeshuka kwa pamoja, huo ni uzee. Moja ikiwa chini peke yake, kuna ugonjwa wa mahali pamoja: valvu haikai vizuri, gasketi imepasuka au ringi imevunjika.

Kisha kata filta ya oili uliyoitoa, kunjua karatasi yake, pitisha sumaku. Vipande vinavyonata ni chuma. Vinavyong'aa rangi ya shaba na havinati vinatoka kwenye beringi, na hiyo ni habari mbaya kuliko moshi wote uliouona. Mwisho angalia presha ya oili injini ikiwa ya moto, kwa geji ya fundi, maana ile ya dashibodi huwa inadanganya.

Sasa mpangilio wangu.

Kwanza: tengeneza kilichoharibika tu. Presha ya oili ikiwa nzuri, filta safi na kompresheni inalingana, usimruhusu mtu ashushe injini yako. Badilisha nozeli, tabo, pampu ya maji au gasketi ya hedi (kichwa kinachofunika silinda kwa juu), uendelee na kazi. Hedi ikishafunguliwa, ipelekwe ikapimwe kama imepinda au ina ufa. Na wewe mwenyewe pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda, kule juu ringi inakogeukia. Ukucha ukikwama kwenye ngazi, silinda imelika, na gasketi mpya haitabadilisha hilo.

Pili: isuke upya injini yako mwenyewe. Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, na ndipo nyingi hupotea. Injini nyingi za malori makubwa zina slivu zinazotoka, yaani mabomba ambayo ndiyo kuta za silinda, kwa hiyo pistoni, ringi, slivu na beringi hubadilishwa injini ikiwa bado kwenye chasisi. Ila kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ipimwe kwa maikromita, isiangaliwe kwa macho. Ikiwa imechubuka, injini lazima ishuke, kranki ichongwe kwa kipimo, tuseme milimita 0.25 au 0.50, na beringi zinunuliwe nene kwa kipimo hicho hicho.

Kosa langu lilikuwa kukubali ringi mpya ndani ya slivu kuukuu. Ilikuwa nafuu sana. Miezi michache baadaye lori lilirudi kunywa oili kama zamani, nami nikalipia kazi ile ile mara ya pili. Kwa hiyo dai orodha kwenye karatasi: slivu, pistoni, ringi, beringi zote, gasketi, pampu ya oili, boliti za hedi kama ni zile zisizorudiwa, na kupimwa kwa kimo cha slivu juu ya bloku. Kipoza oili nacho kisafishwe au kibadilishwe. Vumbi la chuma likibaki humo, linakwenda moja kwa moja kwenye beringi mpya.

Tatu: injini iliyosukwa kiwandani. Ni ghali zaidi, lakini inakuja na dhamana na kazi huisha haraka. Inamfaa mtu ambaye lori likilala ndani anapoteza zaidi ya tofauti ya bei. Uliza kama ni injini kamili au bloku tupu, na kama wanataka ile ya zamani irudishwe. Yenye bloku iliyotoboka wanaweza kuikataa.

Nne: injini ya mtumba. Wengi huiweka ya kwanza, mimi naiweka mwisho. Unanunua uzee wa mtu mwingine. Naikubali pale tu bloku yako imetobolewa na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), na injini hiyo nimeisikia ikiunguruma kabla haijatolewa. Hakikisha kompyuta yake inaelewana na lori lako, na namba ya injini inaweza kubadilishwa kwenye hati.

Kama chasisi imeliwa na kutu na giaboksi nayo inalia, liuze lilivyo.

Ukishaisuka, usiiache ikiunguruma sailensa saa nzima eti inajizoesha. Ringi hukaa kwa mzigo, kwa hiyo ipe kazi ya wastani mapema, kisha mwaga oili ya kwanza kabla ya muda wake. Na kama ya zamani iliuawa na joto, rejeta itolewe na kusafishwa kabla injini mpya haijawashwa hata mara moja.