Skrini inayozima kifuniko kikiguswa: siku 23 zangu na waranti

Kompyuta mpakato yangu niliinunua Kariakoo, Dar es Salaam, kwa shilingi 1,350,000, waranti ya miezi 12. Mwezi wa nane skrini ikaanza visa. Mara mistari ya kijani upande wa kulia, mara inapepesa, mara giza totoro huku feni inaunguruma na taa ya chaji inawaka kama kawaida. Ukiifunga na kuifungua, inarudi. Nikaivumilia hivyo wiki mbili nzima, uzembe wangu.

Fundi wa mtaani kwetu aliitazama dakika moja. "Kioo kimekufa hicho, dada'angu. Lete laki na themanini, jioni unaondoka nayo." Nusura nikubali. Kilichonizuia ni kile kistika kilichofunika skrubu moja chini ya mashine. Dukani waliniambia kikichanwa, waranti basi tena.

Usiku nikaichunguza mwenyewe. Nikaiunganisha na televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI: picha safi, hakuna mstari hata mmoja. Nikaizima, nikaiwasha huku nabonyeza F2 niingie kwenye BIOS, ile programu ya msingi ya mashine, kabla Windows haijaanza. Mistari ileile, kwa hiyo draiva, programu ya Windows inayoendesha skrini, haihusiki. Ilipozima nikaimulika kwa tochi ya simu. Ingekuwa taa ya nyuma ya skrini ndiyo iliyokufa, ningeona maandishi kwa mbali. Sikuona kitu. Mwisho nikashika kifuniko kwa vidole viwili, nikakisogeza taratibu. Kikisimama wima, mistari. Kikilala nyuma kidogo, picha inatulia. Kikizidi hapo, giza. Basi nikaacha kukisingizia kioo: nilihisi ni fleksi, ule waya mwembamba unaopita kwenye bawaba kwenda kwenye skrini.

Kituo cha huduma walichonielekeza dukani kina kiyoyozi kizuri na foleni ndefu. Swali la kwanza la kijana wa mapokezi: "Dada, haikudondoka hii?" Nikaeleza habari ya kifuniko, yeye akaandika "skrini mbovu" akaigeuza fomu nisaini. Siku ya tisa nikarudishiwa na karatasi: imepimwa, haina tatizo. Pale kaunta ilitulia kama mtoto mbele ya wageni. Nyumbani, hata viatu sijavua, mistari hiyo. Kumbe walikuwa wameiacha mezani siku nzima imefunguliwa pembe ileile!

Nilirudi na video ya sekunde 40, na safari hii nikakataa kuiacha mapokezi mpaka fundi atoke. Akatoka. "Kaka, shika mwenyewe kifuniko, sogeza." Akasogeza, giza. Akarudisha, picha. Akacheka: "Ahaa, fleksi hii." Maneno mawili, baada ya siku tisa.

Kwenye fomu nilimwomba aandike kwa kalamu kwamba kioo hakina ufa na kona hazijabonyea, kisha asaini. Kijana wa mapokezi aliniona msumbufu, sawa tu. Waranti yao haigusi kioo kilichopasuka, na ufa ukitokea huko ndani nitaulizwa mimi. Mafaili yangu nilishayahamisha. Nenosiri langu sikuwapa, niliwafungulia akaunti nyingine tupu.

Kipuri kiliagizwa, ikachukua siku 14. Simu zilipigwa tatu, zote na mimi. Fleksi ilibadilishwa bure na tangu hapo nafungua kifuniko nitakavyo, hakuna mstari. Nikauliza kama siku 23 nilizokaa bila mashine zitaongezwa kwenye waranti. Haziongezwi, hesabu yao ni tarehe ya risiti.

Fundi nampa nyota tano. Mapokezi mbili, na moja kati ya hizo ni ya kiyoyozi. Halafu raba moja ya chini haikurudi, na hakuna anayekumbuka kuiona. Kona hiyo nimeiwekea kadibodi iliyokunjwa mara mbili, la sivyo mashine inayumba nikiandika.